Gari, Barabara, na Wewe

Northampton,
Jumanne asubuhi.

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Barua hii nimeianza mara kadhaa, na kila mara nimekwama palepale, mstari wa kwanza, pale mtu anapotakiwa aandike kwamba yeye ni mzima wa afya na hofu yake ni kwa walio mbali. La hofu ni kweli, ninayo tele. La uzima ndilo lililonishinda. Nimeona niache nafasi yake wazi, nitaijaza mwishoni nikipata ujasiri.

Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia bado unapanda ngazi za watu na maboila ya maji moto mgongoni, fundi bomba wewe, kana kwamba una miaka ishirini. Mama mwenyewe hajambo? Na yule mbwa mlafi, bado anaiba soksi? Mdogo wangu Bryony nitamuulizia baadaye, kwa sababu kwake kuna maneno.

Kabla sijaenda mbali: huyo aliyekuletea barua hii usimwache mlangoni. Najua umemtambua. Nywele ni zilezile nyekundu, kiburi tu ndicho kimepungua. Mwingize ndani, mpe chai, na tafadhali itie sukari, siyo chumvi kama ulivyoapa siku ile kule Cumbria. Habari zake zimo humu.

Unajiuliza kwa nini barua, zama hizi ambazo hata bibi Agatha wa jirani anatuma picha za paka wake kwa simu. Ni kwamba daktari amenikataza simu. Amenikataza televisheni, kompyuta, hata gazeti. Kuandika nako alitaka kukataza, nikambembeleza mpaka akaniruhusu mistari michache kwa wakati mmoja, kisha nilale chali pazia likiwa limefungwa. Ukiona mwandiko umebadilika katikati ya ukurasa ujue hapo nililala nikaamka. Na hata ningekuwa na simu ingenisaidia nini? Tangu Jumapili wewe hupokei.

Jumapili nililiona gari letu la kazi likitoka getini pa uwanja wa mbio wa Silverstone kabla bendera ya mwisho haijapepea. Mama amenieleza ulichosema njiani, kwamba nimeiachia saa ya mwisho ya mbio kama mtu anayempisha bibi kizee kiti kwenye basi. Nilicheka, halafu nikalia, maana hata ukikasirika maneno huyakosi. Basi nataka nikueleze kwa nini niliiachia. Halafu ninalo la pili, zito kuliko hilo, na haliwezi kungoja mpaka Jumapili ijayo. Lakini usirukie mwisho. Nakujua wewe, magazeti unayaanzia nyuma.

Unakumbuka kigari changu cha kwanza cha mbio, kile cha bluu kilichokuwa na kiti kikubwa mpaka ukakijaza sponji ya kochi? Nilikuwa na miaka minane. Namba yangu iliandikwa kwenye ubao mweusi, kama ilivyo kwa wageni wote, na ubao mweusi huanzia nyuma ya kila mtu hata awe na mbio kiasi gani. Nilipolalamika uliniambia ni heri, kwa sababu anayeanzia nyuma haogopi kupitwa. Mama alikaa ndani ya gari na birika lake, akikaanga bekoni, hakuwahi kutazama hata mzunguko mmoja. Alikuwa akisikiliza tu. Akisikia injini zote zimenyamaza kwa pamoja, alizima jiko akatoka na mwiko mkononi. Ule mwiko ulikuwa unanitia aibu, sasa nautamani.

Ulinifundisha mengi, na mengi yamenifikisha nilipofika, sitaki ufikirie nimekuja kukusuta. Ulinifundisha kuisikiliza breki kwa mguu. Ulinifundisha kwamba mvua ni rafiki wa maskini. Na ulinifundisha kufunga mdomo. Watoto wa wenzako wakiniuliza upepo wa tairi zetu, niwatajie tofauti. Tairi zenyewe tulizifunika blanketi kama wagonjwa. Ulisema mwenzako wa timu ndiye adui wako wa kwanza, kwa sababu gari lake ni kama lako na akikupita huna cha kusingizia. Na juu ya yote lile neno lako: jikaze. Nikianguka, jikaze. Mikono ikichubuka, jikaze. Ukionyesha unaumwa, ulisema, umewapa kona ya bure.

Sasa nije kwenye ule ubavu, kwa kuwa bila huo barua hii haina maana.

Wewe hadithi yake unaijua kuliko mimi, umeisimulia kwa kinyozi, umeisimulia kwenye chakula cha jioni cha klabu kila mwaka, Krismasi hatukati nyama mpaka isimuliwe. Kwamba nilikuwa na miaka kumi na moja. Kwamba kijana mmoja wa Kiskoti mwenye nywele nyekundu, Alasdair Kinnaird, alinigonga kule Cumbria kwenye ile kona ya kushuka mpaka ukingo wa kiti ukanivunja ubavu. Kwamba ulinifunga plasta ile ya kuzibia mabomba kuzunguka kifua, nikaingia fainali, nikamla Kinnaird kwenye mzunguko wa mwisho, na nilipopewa kombe nikashindwa kuliinua, ukaniinulia wewe. Hapo watu hupiga meza. Bryony anaijua neno kwa neno, anaigiza mpaka sauti ya plasta ikichanika.

Nimelala kidogo. Naendelea.

Miaka ya magari ya kiti kimoja nitaipita haraka, maana uliiona. Nilipanda daraja baada ya daraja, halafu wakaja vijana ambao baba zao wana mifuko mirefu kuliko yako, na siku moja nikakuta jina langu limebanduliwa mlangoni pa gereji. Uliendesha mpaka nyumbani Buxton, ukanipikia mayai. Kwa hilo nakushukuru mpaka leo. Kisha ile miaka miwili niliyokuwa nafundisha mabwana wa ofisini kuendesha magari ya kukodi kwenye uwanja wa ndege wa zamani, nikidhani nimekwisha. Hapo ndipo yule injinia Heather Tranter alipopiga simu akaniuliza kama ninajua kugawana.

Nilidhani anatania. Kumbe mbio za saa nyingi ndivyo zilivyo, gari moja, madereva watatu, unaendesha saa yako, unashuka, unamfunga mikanda mwenzako kwa mikono yako mwenyewe, anaondoka na gari lako. Siku ya kwanza niliingia gereji yao nikakuta daktari mmoja wa meno wa makamo, Nigel Fairclough, anayependa mbio kuliko meno. Na nyuma yake, amekalia tairi anakula tambi kwenye kikopo, nani? Kinnaird! Akanitazama kuanzia viatu, akasema, "Ala! Mtoto wa plasta!" Gereji nzima ikacheka. Nikasema moyoni, timu hii sitamaliza nayo wiki.

Kwenye timu hiyo kuna desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Dereva anapokaribia kuingia gereji kumpisha mwenzake, Heather humuuliza kwenye redio mambo matatu, daima kwa mpangilio uleule. Gari. Barabara. Na wewe. Unamwambia gari linafanyaje, barabara ina nini, na wewe mwenyewe ukoje. Akishauliza hunyamaza. Hakusaidii kujibu, hakuharakishi. Anayengoja kuingia huwa amevaa helmeti tayari na anasikia yote.

Mimi mwanzoni nilikuwa najibu kama nilivyolelewa. Gari? Safi. Barabara? Safi. Wewe? Mzima. Siku moja ya mazoezi breki ya nyuma ilikuwa imeanza kuzama, nikanyamaza, nikaona kwa nini nimpe mtu siri yangu. Nigel akatoka nalo, kona ya kwanza akapiga msokoto mzima akaishia kwenye nyasi. Alirudi kwa miguu, suti yote matope, nikajiandaa kwa matusi. Alinishika bega tu akasema, "Kijana, pale kazini kwangu mgonjwa akiniambia haumwi popote, ndiye ninayemng'oa jino zima nikaliacha bovu." Akaenda kuoga. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo nikajifunza kusema la gari na la barabara. Nikawa hodari kabisa, Heather akasema hajapata dereva anayeeleza barabara kama mimi. Hata Kinnaird nilimwambia mahali ninapopata nafuu kwenye kila kona, naye akaniambia pake, na tukaanza kushinda. Lakini swali la tatu nililijibu vilevile kila siku. Mzima.

Sasa hili hukulijua. Majuma machache kabla ya Jumapili tulikuwa kwenye majaribio, tairi likapasuka nikaenda kuupiga ukuta wa matairi kwa ubavu wa gari. Gari lilitengenezwa. Daktari wa uwanja aliniuliza leo ni siku gani, nikamtajia. Akauliza kama kichwa kinauma, nikasema hakiumi. Kilikuwa kinagonga kama mdai mlangoni. Siku zilizofuata nikawa naweka birika jikoni nasahau, nanunua maziwa naweka kabatini, taa za dukani zinanichoma. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, hilo nalijua, nani asiyelijua? Lakini niliwaza lile uliloliwaza wewe pia, kwamba wale watu wa kiwanda cha magari walikuwa wanakuja Jumapili kutafuta dereva wa mwakani, na Heather ameshawaahidi kwamba saa ya mwisho nitakuwa mimi. Wewe uliutangazia mji mzima wa Buxton. Mama anasema hata yule mwuza samaki alifunga duka aje kuangalia kwenye televisheni.

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nakitaka kile kiti, Baba. Usidhani nilikitupa kwa kuwa sikukijali. Nilikuwa nakiota.

Asubuhi ile uliona mvua ilivyokuwa. Kinnaird alianza, akafanya maajabu. Nigel akafuata, akafanya alichoombwa, yaani asituharibie. Nikaingia mimi, tukashika uongozi wa kundi letu, na nikapita mbele yenu pale kwenye uzio nikakuona umevua kofia yako ya kazi unaipunga. Nilifurahi sana. Na mizunguko michache baadaye vibao vya kupimia breki vikawa viwili.

Nieleze vizuri. Kwenye ule unyoofu mrefu kuna kibao kinachokuambia sasa kanyaga. Kilikuwa kimoja siku zote, kikawa viwili, kimoja hapa, kingine pembeni na mbele kidogo, na jicho la kushoto limeingia ukungu. Nilichagua kimoja nikakanyaga. Kumbe ndicho. Mzunguko uliofuata nikachagua tena, nikakosea, nikaponea chupuchupu nyuma ya gari jekundu la kijana mmoja ambaye hata jina lake silijui, ambaye angekuwa marehemu kwa sababu mimi najikaza. Heather hakujua. Wewe hukujua, pengine ulidhani nilikuwa nafanya ujasiri.

Kisha nikaitwa kuongeza mafuta. Mpango ulikuwa nisishuke, nijazwe mafuta, nibadilishiwe tairi, niende nayo saa ya mwisho. Hakukuwa na mtu wa kumpisha, lakini Heather akauliza tu kwa mazoea. Gari? Nikasema linasukuma pua nje kidogo, linavumilika. Barabara? Nikasema inakauka juu, ila chini ya daraja kuna maji yanakatiza. Na wewe?

Nikanyamaza. Naye akanyamaza, kama kawaida yake. Jikaze lilinijia kooni, nilikuwa naliona kabisa. Halafu nikasikia maji ya bomba yakitiririka. Haya maji nitakueleza sasa hivi, usiruke. Nikasema, "Heather, mimi siyo mzima. Naona vibao viwili."

Hakupiga kelele. Alisema, "Haya, ingia taratibu," na kabla hajamaliza nilimsikia Kinnaird anatema tambi anaomba helmeti yake. Nikashuka. Miguu ilinibeba, ndiyo maana ulikasirika, uliona mtu mzima anatembea. Laiti ningevunjika mguu ungenielewa. Nikainama nikamfunga Kinnaird mikanda, nikamwambia kuhusu maji chini ya daraja, nikamwambia breki. Akanikamata glavu, akasema kwa ule usemi wake wa kukwaruza, "Asante, ndugu yangu." Hakuwahi kuniita hivyo. Huku kubadilishana bila mpango kulitugharimu, maana tulitoka tukiwa wa tatu, na nafasi hiyo tukamaliza nayo. Watu wa kiwanda walimfuata yeye gereji, siyo mimi. Kiti ni chake mwakani. Alikuja kuniambia mwenyewe hospitalini nilikopelekwa, amekaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekuja kuomba radhi, na nilimpa mkono, na alipoondoka niligeukia ukutani. Kibali changu cha kuendesha kimechukuliwa mpaka ubongo utulie. Daktari hataki kusema lini. Nilipomuuliza kama kuna uwezekano wa kutorudi kabisa, aliangalia kalamu yake.

Mama aliponipigia nikamwambia ni uchovu tu. Unaona ugonjwa wenyewe ulivyo? Nimetoka kusema kweli mbele ya timu nzima, napigiwa simu na mama yangu, neno la kwanza ni uongo.

Nimelala tena, muda mrefu safari hii. Kinnaird yuko jikoni anaosha vyombo vyangu, anapiga mluzi vibaya mno. Amesema nikimaliza kuandika ataileta Buxton leo hii hii, na nimemwambia asiiweke mkononi mwa Mama wala asiiache kwenye sanduku. Mkononi mwako.

Sasa yale maji ya bomba.

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, Bryony alinipigia simu akiwa bafuni. Alifungua bomba ili msimsikie. Akaniambia ile Jumapili iliyotangulia, kwenye mbio zake za vigari, alipopanda juu ya ukingo wa kona na kigari kikatua kwa kishindo, kitu kililia upande wake wa kushoto, chini ya kwapa. Tangu siku hiyo hawezi kulalia upande huo. Akicheka kinamchoma, kwa hiyo hacheki. Hujaona, Baba? Mtoto yule asiyefunga mdomo? Nikamuuliza umemwambia Baba, akanijibu kwa furaha kabisa, akinong'ona: "Hapana! Najikaza kama wewe. Nitashinda mbio zijazo, halafu Baba ataisimulia na ya kwangu."

Akaniapisha. Nikaapa. Nikajiambia baada ya mbio nitalifikiria. Nikalala nalo, nikaamka nalo, nikavaa helmeti nalo, na Heather aliponiuliza lile swali la tatu nilichosikia ni lile bomba, na kitoto cha miaka kumi, chenye ubao mweusi, kinangoja nyuma ya kila mtu zamu yake ya kusimuliwa.

Basi nimevunja kiapo changu kwake, ataninunia mwaka mzima na ana haki. Ningeweza kumnong'oneza Mama. Mama angempeleka kwa daktari kimyakimya, nawe usingejua, na Bryony angejifunza tu kukuficha vizuri zaidi. Sitaki ajifunze hilo. Mimi nimelijua sana.

Na kwa kuwa yeye anaiishi ile hadithi ya Cumbria, acha nikwambie kipande chake ambacho hukisimulii, kwa sababu hukijui. Uliinama mbele yangu pale kwenye nyasi, plasta mkononi, ukaniuliza, "Unaumwa?" Nikafungua mdomo. Na kabla sijatoa neno ukajijibu mwenyewe, ukasema, "Huumwi." Nikakutazama usoni, nikaona uso unaotaka nini, nikautikisia kichwa. Watu wa klabu wanapiga meza wakidhani nilikuwa jasiri. Sikuwa jasiri, Baba. Nilikuwa nakuogopa wewe kuliko nilivyouogopa ule ubavu. Niliingia fainali nikilia ndani ya helmeti tangu bendera mpaka bendera, na kombe nililitaka lije upesi ili nilie kwa kisingizio cha furaha.

Sikulaumu. Wallahi sikulaumu. Najua ulikotoka. Babu alipasua mawe machimboni na mgongo uliopinda kama upinde, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "ah." Ulitupa ulichopewa, na ulitupa kwa mapenzi, mikono yako ilikuwa ikitetemeka ulipokuwa unanizungusha ile plasta. Nimeikumbuka hiyo mikono siku hizi ninapolala gizani. Ulikuwa unajua naumwa. Na wewe ulikuwa unajikaza.

Sasa ninalokuomba ni dogo. Weka barua hii mezani. Panda ngazi, polepole kwa ajili ya goti, ugonge mlango wake. Kaa kitandani. Usimwulize kama anaumwa, maana atauangalia uso wako akujibu kinachotakiwa. Mwulize kama Heather. Mwulize gari likoje. Atakueleza, atakueleza sana, hapo mtoto hana breki. Mwulize barabara ilikuwaje. Kisha mwulize, na wewe? Halafu nyamaza. Hata akikawia, hata kimya kikikuuma, nyamaza. Usimjibie.

Akishasema, mpelekeni kwa daktari leo, wala asiguse kigari mpaka waruhusu. Mkiona mikono haifai kushika usukani, Kinnaird atawaendesha. Anaendesha vizuri, inaniuma kukiri. Naye ana lake la kukwambia kuhusu ile kona ya Cumbria, na kuhusu baba yake mwenyewe aliyekuwa upande wa pili wa uzio akimpigia kelele. Msikilize ukiwa tayari, si lazima leo.

Nisalimie Mama, mwambie kweli yote, kisha mwambie asije na mwiko. Au aje nao. Nisalimie mwuza samaki, umwombe radhi kwa niaba yangu kwa kuwa alifunga duka bure. Bryony mwambie nampenda, na kwamba msaliti ni mimi, asikukasirikie wewe.

Ile nafasi niliyoiacha wazi pale juu sasa naijaza, kwa mpangilio wetu.

Gari liliumia ubavu, mafundi wakaliponya. Barabara siioni mbele, kuna ukungu. Na mimi, Baba, naumwa.

Njoo unione.

Mwanao,
Kester